Nilikodi kamera ya kasi, nikaletewa ankara ya waya

Nilidhamiria kuanza kwa kuisifu kamera yenyewe, maana inastahili, lakini kila nikikaa kuandika najikuta nimerudi kwenye waya. Basi wacha habari iwe ya waya.

Ninasoma hapa Uingereza, na utafiti wangu ni kuhusu mbu dume wa Culex wanavyokusanyika angani jioni kungojea majike. Ni wale wale mbu wa nyumbani wanaoeneza matende huko kwetu pwani. Mabawa yao hupiga zaidi ya mara 700 kwa sekunde, kwa hiyo kamera ya kawaida haioni chochote ila ukungu. Mwaka 2017 watafiti wa Uingereza na Japani walitumia kamera 8 zinazonasa picha 10,000 kwa sekunde ndipo wakaona jinsi bawa la mbu linavyojigeuza. Mimi nilihitaji moja tu kwa wiki moja, na kwa kuwa kuinunua kungemeza bajeti yangu yote, nikakodi.

Ililetwa kwa wakati, katika sanduku gumu lenye sponji iliyochongwa kwa umbo la kila kifaa. Fundi aliyekuja nayo alinifundisha kwa subira ambayo sijaiona hata kwa walimu wangu. Nilipouzungusha mwisho wa waya wa umeme katika tundu lake nyuma ya kamera, niliona haukazi, unacheza. Nikamwonyesha. Akasema ndivyo ulivyo, utashika tu.

Asiyewahi kuzitumia kamera hizi ajue kwamba picha huingia kwanza katika kumbukumbu ya ndani, ambayo huishi kwa umeme: umeme ukikatika kabla hujazihamishia kwenye kompyuta, ndiyo basi tena. Sekunde 4 za mbu zilijaza gigabaiti 64, na kuzihamisha kulichukua zaidi ya dakika 10. Mbu nao hawachezi kutwa nzima. Tunawafifishia taa kidogo kidogo hadi waamini jua linazama, wanainuka, wanacheza kwa dakika kama 20, kisha hadi kesho. Ndiyo maana niliigawa kumbukumbu katika vipande vinne vya sekunde moja moja, nivijaze vyote wakati wa ngoma yao na kuvipakua baadaye. Njia hiyo alinionyesha fundi wao wenyewe.

Siku ya nne wakacheza kama nilivyowaombea kwa miezi. Jike mmoja akaingia katikati yao, nami nikabonyeza kitufe. Nilipoirudia picha polepole kwenye skrini nilimwona dume akimfuata kwa nyuma, miguu ameinyoosha mbele kama mtu anayepapasa gizani. Nikamwita mwenzangu aje aone. Alipozunguka nyuma ya stendi koti lake liligusa waya, likaugusa tu, ukachomoka. Feni ya kamera ikanyamaza. Betri ya akiba, ambayo kazi yake ni kushikilia kumbukumbu kwa ajali kama hiyo, ilikuwa imewaka taa ya kijani tangu siku ya kwanza, na haikushikilia hata sekunde moja.

Kesho yake nikapiga simu. Sikudai kurudishiwa fedha. Niliomba waya mzima, betri nzima na siku mbili za nyongeza. Bwana aliyepokea akaniuliza kama nimesoma ukurasa wa saba wa mkataba, unaomtaka mteja apakue kila baada ya kurekodi. Nikamweleza habari ya machweo na zile dakika 20. Akanijibu, kwa sauti ya mtu anayemsemesha mtoto, kwamba huenda jaribio langu halikustahili kifaa cha kitaalamu. Mbu hao nimewalea tangu wakiwa viluwiluwi! Pole sikupewa. Siku chache baadaye ikaja ankara: waya mmoja, umeharibiwa na mteja.

Nikisema kweli, mkataba umeandikwa hivyo na saini ni yangu. Tena ningeweza kuufunga waya kwa utepe siku ile ile nilipouona unacheza. Kamera haina kosa, picha zake za siku tatu za kwanza ninazo na ni nzuri ajabu, na nilikuwa nimepanga kuandika kwamba kampuni hii inamfaa mtu ambaye jaribio lake hurudiwa atakapo, kwa mfano anayepiga picha za matone ya maji. Lakini ankara iko mezani mbele yangu ninapoandika, na kadiri ninavyoitazama naona hata hilo ni kuwapendelea, kwa sababu mtu wa matone naye atapewa waya.

Msikodi kwao. Au mkikodi, mwambieni fundi, yule mpole, auchomoe waya kwa mkono wake kamera ikiwa imewashwa, nanyi mhesabu dakika ngapi betri inashika kabla hajaondoka mlangoni. Ankara sijailipa.