Mpira wa petroli: upi ununue, upi uuache dukani

Juni na Julai ndiyo miezi ya kujua kama gari lako linavuja. Asubuhi ya kipupwe hapa Tabora, mpira wa zamani hukakamaa na kunywea, ukaachia tone mojamoja pale kwenye klipu. Jua likipanda na injini ikipata moto, mpira unalainika, unajibana tena. Fundi unayempelekea gari saa sita mchana anachungulia, anafuta mikono, anakwambia hakuna kitu. Mimi niliambiwa hivyo mara mbili. Mara ya tatu nikalilaza gari kwake, alikute na baridi yake saa kumi na mbili na nusu. Tone lilionekana kabla hajatua kikombe cha chai.

Nayaandika haya kwa mtu ambaye harufu ameshaisikia na sasa anajiandaa kwenda dukani. Dukani utakuta mipira ya kila namna imening'inia kwenye msumari, yote myeusi, yote "ya mafuta". Siyo.

Kabla ya kutoa hela, hakikisha kinachovuja ni mpira. Ingia chini ya gari na tochi, kiberiti kikae mbali. Vumbi la kiangazi tunalolilalamikia hapa ndipo linapofaa: petroli hukauka upesi na kuacha alama ya kahawia kama chai iliyomwagikia kitambaa, wakati dizeli haikauki, inashika vumbi mpaka linakuwa tope jeusi la mafuta. Fuata alama kwenda juu, maana tone huanguka mbali na linapotokea. Harufu ikija siku ya kujaza tangi tu, angalia ule mpira mnene unaotoka kwenye mdomo wa kujazia. Ikija ndani ya gari, upande wa kiti cha nyuma, shuku gasketi ya juu ya pampu. Kwenye magari mengi madogo ya Kijapani pampu iko chini ya kiti hicho. Ikija mbele, juu ya injini, huenda ni oringi, vile vipete vya mpira vya nozeli zinazopuliza petroli kwenye injini, na hapo unahitaji oringi, mpira hautakusaidia. Na maji safi yasiyo na harufu yanayodondoka upande wa abiria ni ya kiyoyozi. Usimsumbue mtu.

Sasa ununuzi. Jambo linalowapoteza wengi ni unene. Tunauminya mpira kwa vidole, tukiuona mnene tunaamini ni imara. Cha kuangalia ni presha. Tairi la gari dogo unalijaza upepo wa 30 au 32. Mpira wa petroli kwenye gari la nozeli unabeba 40 hadi 50, kwa kipimo hichohicho cha pisiai, muda wote injini inapowaka. Gari la zamani la kabureta, lisilo na nozeli, halifikishi hata 10. Magari haya mawili hayawezi kuvaa mpira mmoja, hata kama tundu la ndani linalingana kabisa.

Nafasi ya kwanza, bila ubishi, naupa mpira uliotengenezwa kwa ajili ya magari ya nozeli. Utaujua kwa maandishi yaliyochapwa ubavuni mwake: SAE 30R9, au SAE J30R9 (SAE ni chama cha wahandisi wa magari kinachoweka viwango). Mpira wa daraja hili huanzia presha ya 100, na tabaka lake la ndani limetengenezwa kustahimili petroli ya moto, hata ile inayozunguka na kurudi kwenye tangi. Bei yake inauma. Kwa mita moja utalipa mara kadhaa ya ile ya mpira wa kawaida. Lakini gari halihitaji mita tano. Kwenye Corolla au Carina, sehemu za mpira ni vipande vifupi tu kati ya bomba la chuma na filta, au kati ya bomba na reli ya nozeli. Pima, ongeza kiganja kimoja cha akiba, nunua hicho. Nenda na kipande cha zamani mkononi, na ulinganishe tundu la ndani. Saizi zinazotumika sana ni milimita 6, 8 na 10, na upana wa nje usikuhadae.

Duka likikosa wenye maandishi hayo, mtafute mtu Kariakoo, mtumie picha ya kipande chako kikiwa kimelala kando ya rula, mzigo uje kwa basi. Kusubiri siku mbili ukipanda bodaboda kuna unafuu kuliko yaliyonikuta mimi.

Yaliyonikuta ni haya. Mpira wangu ulipokatika nilikuwa na safari ya Urambo kesho yake. Kijana wa dukani akanishikisha mpira mmoja mnene, una nyuzi za kusokotwa ndani, wa kuonekana kabisa kwamba unaweza kuvuta gari. "Mzee wangu, huu hauendi popote, huu wanatumia wa kompresa." Nikaridhika. Wa kompresa! Niliambiwa ni wa upepo, nikauvalisha petroli. Tulifika Usoke harufu imejaa ndani, mke wangu kafungua vioo vyote, vumbi linaingia, hakuna anayesema neno. Kufungua boneti nikaukuta mpira umevimba kama utumbo, umelainika, unateleza chini ya klipu. Niliuminya, ukabaki na alama ya kidole. Ulikuwa na siku moja.

Kwa hiyo mpira wa kompresa, mpira wa jiko la gesi, mpira wa maji wa bustani, yote naiweka mkiani. Kubeba presha inaweza, ila petroli inaula mpira ambao haukuandaliwa kwa ajili yake.

Nafasi ya pili ni bomba lenyewe la kiwandani, lililokunjwa tayari, pamoja na viungio vyake vya plastiki vya kubofya. Kwa magari mapya kidogo hili linapanda kuwa la kwanza, maana viungio hivyo havikuumbwa kuvishwa mpira na kubanwa klipu. Fundi atakata, atavisha, litashika wiki tatu. Ukilikosa jipya, la gari lililokatwa linakubalika kama halina mikwaruzo wala nyufa na kufuli za viungio vyake hazijavunjika. Likunje kidogo mbele ya muuzaji. Likilia kama kijiti kikavu, mrudishie.

Tofauti kabisa na mpira wa kawaida wa mtumba. Huo sinunui. Mpira unazeeka hata ukiwa umening'inia ukutani, na uliotolewa kwenye gari la miaka ishirini una umri uleule wa wako unaouvua.

Ya tatu ni mipira iliyoandikwa SAE 30R6 au 30R7. Ni mipira mizuri, isidharauliwe. Mwisho wake ni presha ya 50 hivi, kwa hiyo inafaa kabureta, jenereta, pampu ya kumwagilia na mipira ya mvuke inayokwenda kwenye kopo la mkaa, lile linalonasa mvuke wa petroli kutoka kwenye tangi. Kwenye upande wa presha wa gari la nozeli inakuwa ukingoni siku zote. Muuzaji akikwambia "hii ni ya petroli," hasemi uongo. Muulize petroli ya gari gani.

Kuna mpira mmoja unaouzwa peke yake ambao mafundi wengi hawauulizi: wa ndani ya tangi, 30R10. Ile R9 niliyoisifu imelindwa kwa ndani. Gamba lake la nje halikukusudiwa kuogelea. Ukibadilishiwa pampu na fundi akaunga kipande cha mpira wa kawaida humo ndani, utalainika na kupasuka, na nje hutaona tone. Utaona gari limekosa nguvu kwenye kilima, pampu inalia, na pengine utanunua pampu ya pili.

Mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, ule wa pikipiki, kwenye gari la petroli unakakamaa, unageuka njano na kupasuka. Una kazi moja nayoiheshimu: kutafuta upepo kwenye gari la dizeli. Hailux au Kanta inayosumbua kuwaka asubuhi, na ukipampu kwa mkono inakubali, mara nyingi inavuta hewa kati ya tangi na pampu. Dizeli haidondoki nje, hewa ndiyo inaingia. Chomeka kipande cha plastiki kwa muda karibu na pampu, washa, tazama mapovu. Ukishaona yanatoka upande gani, kitoe.

Klipu ni senti chache, na ndiko tunakobania. Ile yenye vitundu kwenye mkanda inang'ata mpira na kuukata ukiikaza sana. Tafuta yenye mkanda laini, inayokaza kwa skrubu na nati na kubana duara zima sawasawa. Mpira uvuke ile tuta ya mwisho wa bomba, klipu ikae nyuma ya tuta. Na kila mpira mpya na klipu mpya.

Kama tangi lenyewe limetoboka, sabuni ya mche ukiisugua kwenye tundu itakufikisha nyumbani, kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni. Gundi ya chuma ya kuchanganya itakaa zaidi, mradi kutu imekwanguliwa na pamekauka. Lakini kuchomelea kwa shaba nakataa mpaka tangi lishuke, lioshwe na lijazwe maji karibu na pale panapochomwa. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa: mvuke wa petroli unawaka ukiwa asilimia moja na nusu tu ya hewa, na ni mzito, unatambaa chini hadi kwenye jiko la mama lishe wa jirani. Fundi akikwambia "nimeshachoma mengi hivihivi", chukua funguo zako.

Siku ya kufunga, mwombe achomoe fyuzi ya pampu kwanza, injini iwashwe mpaka izime yenyewe, ndipo avue waya hasi wa betri. Vinginevyo presha iliyobaki itamrukia usoni. Mpira akate kwa wembe, msumeno unaacha unga unaokwenda kuziba nozeli.

Ukiutilia shaka mpira ulionunua, kata kipete kidogo, kitumbukize kwenye chupa ya petroli yenye kifuniko, uiweke nje ya nyumba, mbali na watoto, kwa usiku mbili. Kuvimba kidogo si kosa. Kikinata, au petroli ikiwa nyeusi kama kahawa, urudishe ukiwa na hiyo chupa mkononi.

Halafu usiridhike na kuwasha kwa mchana. Laza gari juu ya boksi lililokunjuliwa, uamke mapema, uliwashe likiwa na baridi huku mtu mwingine ameinama na tochi. Mimi niliinama mwenyewe, mke wangu akashika ufunguo. Boksi lilikuwa kavu. "Na huo mwingine ulioununua?" akaniuliza. Uko stoo, nafungia mbuzi.