Juzuu 14 barazani: The Wheel of Time

Asalaam aleikum, karibuni tena. Leo nimekaa barazani kwetu, Mkomani, hapa Lamu, na mkisikia punda analia huko nyuma mniwie radhi. Tuizungumze The Wheel of Time, mfululizo wa riwaya za njozi wa Robert Jordan. Juzuu 14! Nimeimaliza wiki jana, baada ya miaka miwili.

Tazameni kwanza kitabu chenyewe. Hii ni juzuu ya kwanza, iliyotoka mwaka 1990, jalada laini, karibu kurasa 800. Mwauona huu mgongo? Gundi imeachia, kurasa zinabaki mkononi. Ni unyevu wa bahari. Zilizofuata nimezitia kwenye kopo la biskuti lenye mfuniko, zimesalimika.

Kwenye hadithi, tabu ni majina. Wahusika ni wengi mno, na mwingine hutoweka juzuu nzima kisha akarudi kama mliagana jana. Mwisho wa kitabu kuna orodha ya majina, lakini aliyeniokoa mimi ni bibi. Kila baada ya isha humsimulia nilichosoma. Akiniuliza, "Na yule kijana mhunzi, anayesema na mbwa-mwitu, yuko wapi?" nikakosa jibu, najua nimesoma mbiombio, narudi nyuma. Bibi urefu haumtishi. Amelelewa kwa tenzi, na Utendi wa Tambuka, uliotungwa hapo Pate mwaka 1728, una beti zaidi ya elfu moja.

Juzuu ya 10 ilinichosha kweli. Inarudia siku zilezile za mwisho wa juzuu ya 9 kwa macho ya watu wengine, na mambo hayasogei. Niliiweka miezi mitatu. Atakayeishia hapo simlaumu.

Ila mkiweza, vumilieni. Jordan alifariki mwaka 2007 hajamaliza, akaacha maelezo yake, na Brandon Sanderson akaandika juzuu tatu za mwisho. Ile ya kufungia, ya mwaka 2013, ina sura moja ya vita ndefu kuliko vitabu vingi nilivyosoma shuleni. Nilimtafsiria bibi usiku hadi usiku. Alipokufa mmoja wao, simtaji, bibi alinyamaza, akajifuta macho kwa ncha ya leso, akasema, "Inna lillahi." Miaka miwili tulikuwa naye humu nyumbani.

Nunueni juzuu ya kwanza peke yake, muionje. Hii yangu naipeleka kushonwa kesho, binamu yangu ameshaiulizia mara tatu.