Miche Mitatu ya Mchaichai, Mwaka Mmoja Baadaye

Mwaka mmoja uliopita nilinunua miche mitatu ya mchaichai kwenye kitalu kimoja. Miwili imekuwa mimea bora kabisa, lakini wa tatu haukuwa mchaichai niliouomba.

Nitaanza na huo wa tatu kwa faida ya mnunuzi mwingine. Miche hiyo ilipokuwa midogo ilifanana yote, hadi ulipofika kimo cha goti ndipo nilipoona kwamba chini kabisa, pale majani yanapofunika shina, ulikuwa na rangi nyekundu ya zambarau, ilhali wenzake walikuwa weupe wenye ukijani hafifu. Kumbe ulikuwa ni sitronela, jamaa wa mchaichai ambaye mafuta yake hutiwa kwenye dawa za kufukuza mbu, na chai niliyoionja ilinukia sabuni. Kibandiko chake kiliandikwa "mchaichai" tu. Muuzaji wa mimea ya kuliwa anawajibika kutofautisha mambo haya, na mnunuzi naye afunue majani ya chini atazame shina kabla hajalipa.

Ile miwili mingine nayo ilikuwa imekaa mno kwenye vifuko, kiasi kwamba mizizi ilikuwa imejizungusha kama kamba. Niliilegeza kwa vidole, nikaipanda kwenye jua la kutwa, katika udongo usiotuamisha maji uliochanganywa na samadi iliyooza, nikiacha karibu mita 1 kati ya mche na mche. Sasa kila mmoja ni kichaka kinachonifika kiunoni. Kwa kuwa mchaichai huchanua kwa nadra sana, huzalishwa kwa kugawa kichaka: unabandua chipukizi pamoja na mizizi yake, unapunguza majani ili lisipoteze maji mengi, kisha unalipanda mahali pengine. Kwa hiyo mche mmoja mzuri hukutosha kwa miaka mingi, na hilo pekee linaufanya ununuzi huu kuwa wa maana kwangu.

Katika matumizi, watu wengi hutumbukiza jani zima kwenye maji kisha hulalamika kwamba halina ladha. Harufu ile ya limau hutokana hasa na kemikali iitwayo sitrali, iliyo katika mafuta ya jani, nayo haitoki vyema mpaka jani lipondwe au lisokotwe na kufungwa fundo. Sufuria nayo ifunikwe, kwa sababu mafuta hayo huondoka na mvuke. Sehemu nyeupe ya shina ndiyo ya kupondea kwenye mchuzi. Unapovuna, usipitishe kiganja kwenye ukingo wa jani, kwani hukata kama wembe.

Nilipowaeleza wenye kitalu juu ya ule mche, walinipa mwingine bila ubishi, na umeshika vizuri. Hata hivyo, siku hiyo miche ya aina zote mbili ilikuwa bado imepangwa pamoja, chini ya kibandiko kile kile.