Tahadhari kwa Kampuni Zinazonunua Baiskeli za Umeme za Kukunja: Sampuli Ni Moja, Shehena Ni Nyingine

Ninawaandikia maofisa wa ununuzi, wenye kampuni za kusambaza vifurushi na yeyote anayetafuta baiskeli za umeme za kukunja kwa ajili ya wafanyakazi wake, kwa sababu yupo muuzaji anayewawinda hasa wanunuzi wa jumla, na hila yake ni vigumu kuitambua mpaka fedha ziwe zimeshatoka. Mimi ni fundi wa matengenezo. Shehena iliyonifanya niandike haya ilifika karakanani ikiwa imelipiwa yote.

Muuzaji huyo, ambaye simtaji jina, huanza kwa kutuma sampuli isiyo na dosari. Fremu yake haichezi kwenye bawaba, mota ni tulivu, na ndani ya mhimili wa pedali mna sensa ya nguvu inayopima jinsi mwendeshaji anavyokanyaga, hivyo msaada wa mota hupanda na kushuka kufuatana na mguu wake. Mkataba ukishasainiwa na salio likishalipwa kabla mzigo haujaondoka, zinakuja baiskeli za rangi ileile na nembo zilezile, lakini vya ndani vimebadilishwa. Ukichungulia pembeni mwa mkono wa pedali utaona pete ya plastiki yenye sumaku ndogondogo. Hiyo ni sensa ya mzunguko, ambayo inajua tu kwamba pedali zinazunguka na haijui zinakanyagwa kwa nguvu kiasi gani. Sensa ya namna hiyo si mbovu kwa asili yake, na baiskeli nyingi za bei nafuu zinaitumia kihalali. Dhuluma ni kulipishwa bei ya sensa ya nguvu. Tena kwa mfanyakazi mwenye mzigo, anayesimama na kuondoka kila mara katikati ya magari huku akiwa juu ya magurudumu madogo, mota inayochelewa kuitika kisha ikasukuma ghafla inaweza kumwangusha.

Hata hivyo, wizi mkubwa umefichwa ndani ya betri, na hapa ninaomba hesabu ifuatwe kwa utulivu. Betri ya volti 36 huwa na seli 10 zilizounganishwa kwa mfululizo, na kuongeza uwezo wake huongezwa safu nyingine za seli 10. Seli ya aina ya 18650, yaani yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ina uzito wa gramu 45 hadi 50 hivi, na hata zile bora kwa kawaida hazizidi ampea-saa 3.5, yaani kipimo cha chaji ambayo seli inaweza kuhifadhi. Betri iliyoandikwa ampea-saa 20 kwa hiyo inahitaji seli 60 za aina hiyo, yaani safu sita, ambazo peke yake zinakaribia kilo 3 kabla hujahesabu kasha, nyaya na bodi ya ulinzi. Betri tulizochomoa kwenye shehena ile zilikuwa na lebo ya ampea-saa 20, lakini mizani ilisoma kilo mbili na ushei. Tulipofungua moja tulikuta seli 40 zisizo na jina la mtengenezaji, na nafasi iliyobaki imejazwa sponji. Hata zingekuwa seli bora za ampea-saa 3.5, safu zake nne zisingevuka ampea-saa 14. Mizani ya kawaida ingeonyesha uongo huo siku ya kwanza, pasipo kugusa bisibisi.

Kuhusu vyeti, alama ya CE, inayodai kwamba bidhaa inakidhi masharti ya Umoja wa Ulaya, isikuridhishe peke yake, kwa kuwa kwa baiskeli hizi ni tamko la mtengenezaji mwenyewe na yeyote anaweza kuichapisha kwenye stika. Dai ripoti ya maabara ya kiwango cha baiskeli za umeme, yaani EN 15194 cha Ulaya au UL 2849 cha Marekani, pamoja na ripoti ya UN 38.3, jaribio la usalama wa betri za lithiamu wakati wa kusafirishwa, kisha linganisha jina la kiwanda na namba ya modeli kwenye ripoti na zilizopo kwenye baiskeli yenyewe. Muuzaji huyu alikuwa na ripoti halisi, ila ilikuwa ya modeli nyingine kabisa. Jambo hili si la karatasi tu: baada ya mioto mingi iliyosababishwa na betri za lithiamu, jiji la New York lilipiga marufuku tangu Septemba 2023 kuuza baiskeli za umeme na betri zisizothibitishwa kwa viwango vya usalama.

Usitulizwe pia na ahadi kwamba betri mbovu itarudishwa kiwandani kwa ndege na kubadilishwa. Betri za lithiamu zilizoharibika au zenye hitilafu ya kiusalama haziruhusiwi kusafirishwa kwa ndege, kwa hiyo dhamana isiyo na ghala la vipuri mahali panapofikika haina maana yoyote.

Kabla ya kusaini, orodhesha kwenye mkataba jina na namba ya kila kiungo: mota, kontrola (kifaa kinachoongoza mota), sensa, seli za betri, bawaba na komeo lake la pili la usalama. Ifunge sampuli kwa lakiri na uitunze wewe mwenyewe. Mkaguzi asiye na uhusiano na muuzaji achague maboksi mwenyewe kutoka kwenye mzigo uliokwisha kufungwa, na salio lisitoke kabla ya ripoti yake. Ukiletewa namba mpya ya akaunti ya benki katikati ya biashara, simamisha malipo papo hapo.

Kwa waliokwisha kupokea mzigo wa namna hii, pimeni betri zote na mtenge zile zenye uzito usiolingana na lebo. Msizichaji usiku wala karibu na mlango wa kutokea, na kazi ya kuzifungua mwachieni fundi. Acheni maboksi kadhaa bila kuyafungua yawe ushahidi, na barua ya madai iende kwa muuzaji na kwa benki iliyopitisha malipo kabla muda wa kulalamika uliotajwa kwenye mkataba haujaisha.