Tahadhari: seti za nyaya za taa ya nyuma na ya breki za pikipiki za zamani zinazouzwa kama shaba tupu

Wenzangu mnaotunza na kufufua pikipiki za zamani, ninaandika tahadhari hii baada ya kununua mtandaoni seti ya nyaya za taa ya nyuma na taa ya breki ambayo muuzaji aliinadi kuwa ni ya shaba tupu, yenye unene wa milimita mraba 0.75, na iliyokwisha kukatwa kwa vipimo ili mnunuzi aipachike tu. Seti hiyo si ya shaba, haina unene huo, na rangi za nyaya mbili zilizo muhimu kuliko zote zimebadilishana. Muuzaji huyo angali anauza, sasa kwa jina jingine na kwa picha zilezile.

Kila aliyewahi kuvua siti ya pikipiki ya miaka mingi anajua kwa nini tangazo kama lile linavutia. Unakuta nyaya za awali zimekauka na kupasuka ganda, zimeungwaungwa na mafundi waliopita mmoja baada ya mwingine kwa utepe uliogeuka ulimbo, na ethi ya taa nzima, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, inategemea skrubu moja yenye kutu inayoshikilia madigadi. Mtu anapokuonyesha picha ya nyaya zilizolala sambamba ndani ya mpira mweusi, na viunganishi vinavyong'aa kila mwisho, unaona umeokolewa kazi ya siku mbili. Mimi niliona hivyo, nikalipa.

Kwa macho, nilichopokea kilifanana na picha. Nilikipachika, taa zikawaka, nikaridhika, hadi jioni moja mwenzangu aliyekuwa akinifuata kwa pikipiki yake aliponiambia kwamba nilifunga breki mara mbili mbele yake na hakuona mabadiliko yoyote katika taa yangu. Nimelitafakari sana neno hilo, kwa sababu mwendeshaji haioni taa yake ya breki. Hitilafu yake huonwa na mtu mwingine, na mara nyingi huonwa kwa kuchelewa.

Nilianza na balbu. Balbu ya aina hii ina nyuzi mbili zinazowaka ndani yake, ule mdogo wa wati 5 kwa taa ya nyuma na ule mkubwa wa wati 21 kwa breki, na vipini viwili vya kando ya kitako chake havilingani kimo ili isiingie kinyume ndani ya holda. Balbu ilikuwa sawa, na holda ilikuwa sawa. Kosa lilikuwa katika seti yenyewe: ukifuata rangi kama karatasi ya maelezo inavyoagiza, umeme wa taa ya nyuma unakwenda kwenye uzi wa wati 21 na ule wa breki unakwenda kwenye uzi wa wati 5. Matokeo yake ni kwamba usiku taa inawaka kwa nguvu muda wote, na ukikanyaga breki mwanga unaoongezeka ni mdogo mno kutambulika. Zaidi ya hayo, joto la uzi mkubwa unaowaka bila kupumzika linaweza kuharibu kioo cha plastiki cha taa ya zamani ambacho huenda usipate kingine.

Nilizibadilisha nyaya hizo mbili mahali pake, nikidhani nimemaliza, lakini mwanga wa breki ukabaki mwekundu uliofifia. Pikipiki yangu ni ya volti 6, na hapo ndipo udanganyifu wa pili ulipojitokeza. Kwa volti 12, uzi wa wati 21 huvuta takriban ampea 1.75, kwa volti 6, uzi wa wati hizohizo huvuta ampea 3.5, yaani mara mbili, na kwa hiyo kila udhaifu wa waya huonekana zaidi. Nilikanyaga breki huku nikipima: kwenye betri mita ilisoma volti 6.2, na kwenye holda ya taa volti 4.8. Mwanga wa balbu ya uzi hushuka kwa kasi kuliko volti zenyewe zinavyoshuka, hivyo upotevu wa kiasi hicho unatosha kuifanya taa ya breki isitambulike mchana.

Nikakata kipande kifupi cha waya na kumenya ganda. Ganda lilikuwa nene, na ndani yake mlikuwa na nyuzi 7 tu za chuma, ilhali waya wa milimita mraba 0.75 wenye nyuzi za kipenyo cha milimita 0.2 unapaswa kuwa na nyuzi 24. Nililaza uzi mmoja juu ya kigae na kuuparura taratibu kwa wembe. Wekundu ulitoka kama rangi ya ukutani, na chini yake pakabaki weupe wa fedha. Hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 ya uwezo wa shaba, nyuzi zake hukatika upesi zikipindwa na kutikiswa, na inapokutana na kiunganishi cha shaba nyeupe mahali penye majimaji ya barabarani huliwa na kutu kwa haraka. Hakuna sehemu ya pikipiki inayotikisika na kurushiwa maji kama chini ya madigadi ya nyuma. Kwa haki niseme kwamba uzi mweupe nje na mwekundu ndani ni shaba halisi iliyopakwa bati, nao ni mzuri. Wa kuogopwa ni ule wenye mpangilio wa kinyume.

Nilipomwandikia muuzaji, kwanza alisema kidhibiti chaji changu kimekufa. Nilipompelekea picha ya nyuzi zilizoparurwa, akaniambia ninahitaji balbu maalumu ambayo pia anaiuza yeye. Nilipodai fedha zangu, akanitaka nirudishe mzigo kwa gharama yangu kwenye anwani isiyo na jina la mpokeaji, kisha akanyamaza. Baada ya muda nikaliona tangazo jipya lenye meza ileile na kitambaa kilekile chini ya nyaya, na sifa za wateja zilizoandikwa zote ndani ya siku chache.

Kabla ya kununua kwa mtu yeyote, ombeni picha ya ncha ya waya iliyomenywa na uzi ulioparurwa, pamoja na uzito wa seti kwenye mizani, kwa kuwa alumini ina uzito usiofika theluthi moja ya ule wa shaba yenye ujazo uleule. Muuzaji mwaminifu hatakasirika kwa ombi hilo. Huyu wangu, nakumbuka sasa, aliligeuza swali langu la mapema kuhusu idadi ya nyuzi kuwa mazungumzo ya punguzo la bei.

Aliyekwisha kuipachika asiendeshe usiku kabla ya kuisimamisha pikipiki gizani taa ya nyuma ikielekea ukuta, kuwasha taa, na kukanyaga breki huku mtu mwingine akitazama. Mwanga ukutani lazima uruke waziwazi. Ikiwa hauruki, ng'oeni nyaya zote, wekeni za shaba halisi, vutieni taa waya wake wa ethi hadi kwenye betri badala ya kuitegemea skrubu ya madigadi, na tieni fyuzi, kwa sababu seti hii haina fyuzi wala raba ya kuukinga waya unapopita kwenye tundu la chuma. Hifadhini pia picha za tangazo, mazungumzo na risiti ya malipo kabla muuzaji hajayafuta, kisha mpeleke malalamiko kwa mtandao mlionunulia na kwa kampuni iliyopitisha malipo.

Na tafadhali, seti mliyoing'oa msimuuzie mtu mwingine hata kwa bei ya kutupa. Ikateni vipande, maana ikifika kwa mwenzetu ikiwa nzima ataipachika kama nilivyoipachika mimi.