Saa nane asubuhi! Nyota moja, na hiyo ni ya silabi

Kabla sijachemka zaidi naomba mnisaidie: saa nane asubuhi ni saa ngapi? Saa nane naijua ya mchana, watu wakiwa wametoka kula. Naijua na ya usiku, mbwa wakibweka bila sababu. Ya asubuhi sijawahi kukutana nayo. Lakini programu hii ya kujifunzia, inayojitangaza kuwa ni ya Kiswahili na ni ya watoto wa darasa la pili na la tatu, inaifundisha, inaitungia maswali, na mtoto anayeikataa anapigwa msalaba mwekundu.

Swali lenyewe hili hapa. Skrini inaonyesha saa ya mishale. Mfupi umeipita 8 kidogo, mrefu umetua kwenye 3. Chini yake majibu manne: saa mbili na robo, saa nane na robo, saa tatu na dakika nane, saa tisa kasorobo. Mtoto aliyelelewa kwenye nyumba ya Waswahili anabonyeza la kwanza bila kufikiri mara mbili. Msalaba! Sauti ya dada mmoja mpole inasema "Siyo, jaribu tena," na jibu alilochagua, ambalo ndilo sahihi, linafifia lisibonyezeke tena. Akigusa "saa nane na robo", nyota zinamwagika na ngoma inapigwa.

Nitende haki kidogo. Swali hilo halikutungwa na mbumbumbu. "Saa tatu na dakika nane" ni mtego mzuri sana: unamnasa mtoto aliyebadilisha mishale, akausoma mrefu kama mfupi. "Saa tisa kasorobo" unamnasa anayechanganya robo na kasorobo. Mtunzi alijua makosa ya watoto yanakotokea, ila alikuwa anatunga kwa lugha nyingine. Akaja mfasiri, akageuza maneno na kuiacha saa ilivyo. Ile "saa mbili na robo" nadhani programu iliokota saa yoyote ili kujaza nafasi ya nne, ikaangukia ukweli kwa bahati mbaya. Katika maswali mengi ya somo hilo jibu sahihi la Kiswahili halipo kabisa, na hapo afadhali, maana mtoto anashangaa tu. Hapa anaambiwa kwa sauti kwamba mama yake hajui saa.

Kwa wale wa "si ni tofauti ndogo tu": tofauti ni saa sita kamili. Sisi tunaanza kuhesabu pale kunapokucha, na huku karibu na ikweta jua halibabaishi, kwa hiyo saa ya mishale ikionyesha 7 sisi tunasema saa moja. Mtoto hafundishwi kutoa sita kichwani, hiyo ni hesabu ya wakubwa. Anafundishwa kutazama upande wa pili. Unauondoa kabisa mshale mrefu, unamwachia mfupi peke yake kwa siku mbili tatu. Kutoka kwenye kitako cha mshale unachora mstari wa nukta upite katikati hadi ng'ambo: mshale uko 8, nukta zinaishia 2, saa mbili. Akishazoea saa kamili unaleta nusu, halafu robo, na kasorobo inakuja mwisho kabisa, kwa sababu ndipo wengi wanapokwama. Mshale mfupi unakuwa umeikaribia 9, ng'ambo yake ni 3, na mtoto anatakiwa aseme saa tatu kabla haijafika. Saa ile ya kipindi cha Kiingereza inapewa somo lake, rangi yake na picha yake, na haichanganywi na hii hadi zote mbili zimekaa. Zaidi ya hapo tableti yenyewe inaandika 8:15 kule juu pembeni, kwa hiyo mtoto ana saa za aina mbili mbele yake kabla hata somo halijaanza. Mtu anayeandaa somo la saa kwa Kiswahili bila kuligusa hilo hajawahi kuketi na mtoto wa Kiswahili.

Kinachonikera kuliko kosa lenyewe ni namna programu inavyolipigilia msumari. Kila jibu likikosewa linafifia. Majibu manne, yakifutika moja moja, la "sahihi" litapatikana tu, hata kwa mtoto aliyefumba macho. Anayebahatisha anahitaji kwa wastani mibonyezo miwili na nusu kwa kila swali. Somo lina maswali kumi, kwa hiyo kwa mibonyezo kama 25, dakika moja na ushee, mtoto asiyesoma hata neno moja anamaliza. Ripoti ya mzazi inaandika "Amebobea" kwa kijani kibichi, asilimia 100. Haisemi alipata mara ya ngapi. Dawa yake si ngumu: ihesabu mbonyezo wa kwanza peke yake, na idai majibu matatu mfululizo yaliyopatikana hivyo kwenye picha tofauti. Wa kubahatisha atafanikiwa mara moja katika 64. Swali lililokosewa lirudi mbele kidogo, kisha lirudi tena kesho. Hapa halirudi kamwe.

Na msiniambie ni chemsha bongo tu. Swali linafundisha kuliko tunavyodhani. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha kusoma. Wengine wakakirudia kukisoma, wengine wakajaribu kukiandika kwa kukumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo, lakini baada ya wiki walikumbuka asilimia 42, na waliojijaribu asilimia 56. Kujaribiwa kunakaza maarifa. Sasa weka ufunguo wa majibu wenye kosa kwenye mashine ya namna hiyo, mpe mtoto wa miaka saba, apigiwe ngoma kila akikosea.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu, na picha ya skrini juu. Siku kadhaa kimya. Kisha: "Habari mpendwa mteja. Maudhui yetu yamehakikiwa na wataalamu wa kimataifa. Tafadhali mfundishe mtoto kusoma saa kwanza ndipo atumie somo hili." Nimfundishe kwanza! Sasa nililipia nini, ngoma? Nikaeleza tena, mstari kwa mstari, na mfano wa mstari wa nukta nikauchora. Jibu: "Hiyo ni saa ya mtaani. Sisi tunatumia saa sanifu."

Saa ya mtaani. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ni ya mtaani. Vituo vya kupigia kura Tanzania hufunguliwa saa 1:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni, basi na tume nayo ni ya mtaani. Huyo aliyejibu sijui alifika kazini saa ngapi siku hiyo.

Ningeishia hapa na nyota sifuri, lakini dhamira inanisuta, maana masomo ya silabi ya programu hiyohiyo ni mazuri kweli. Sauti ni ya mtu anayekizungumza Kiswahili, si ya roboti. Ba, be, bi, bo, bu zinakuja kwa mpangilio, kisha zinachanganywa, na mapema tu mtoto anaunda neno lenye maana: baba, bibi, babu. Ng' na ng zimetenganishwa kwa maneno halisi, ng'ombe huku, nguo kule, na mtoto anasikia kabla ya kuona. Akikosea haambiwi "siyo" tu. Anasikilizishwa alichochagua, kisha kilichotakiwa, vikiwa vimefuatana. Hivyo ndivyo kosa linavyofundisha. Hakuna mlima wa maandishi unaosomwa sambamba na sauti huku katuni inarukaruka pembeni. Na yanafanya kazi bila bando. Kwa hilo nilikuwa tayari kutoa tatu, hata nne, na nilishawasifia majirani.

Ndiyo maana inauma. Uwezo upo. Wala wasisingizie kwamba Kiswahili ni kigumu kwa wageni: kuanzia mwisho wa 2017 hadi 2019 programu tano za Global Learning XPRIZE, shindano la kimataifa la programu za kujifunzia kusoma na kuhesabu, zilijaribiwa na watoto wa vijiji 170 vya Tanga, kwa Kiswahili, kwenye tableti zilizochajiwa kwa umeme wa jua. Mwezi Mei 2019 wawili kati ya hao watano, Kitkit School na onebillion, wakagawana tuzo ya dola milioni 10, na programu zote tano zikaachiwa wazi mtu yeyote azichungulie. Wa kuiga wapo, bure.

Ukitaka kuijaribu kabla ya kulipa, usianze na silabi, zitakulainisha moyo. Fungua somo la saa, kosea makusudi mara tatu, tazama kama jibu linafifia na kama unaelezwa kwa nini. Kisha fungua ripoti. Kesho yake rudi uone kama unaulizwa tena ulilokosea. Dakika kumi zinatosha.

Nilikuwa nimeshaandika nyota mbili. Ndipo toleo jipya likaingia, nikaona kwenye maelezo yake: "Tumeboresha somo la saa." Nikafurahi kama mjinga. Nikafungua. Mishale ileile, 8 na 3. Neno "asubuhi" wameliondoa. Sasa imeandikwa "Saa 8:15 AM", na yule dada mpole anasoma, "Saa nane na robo ei-em."

Moja. Nimelipia hadi mwisho wa muhula na hawarudishi hela, kwa hiyo silabi tutazitumia. Nimeingia kwenye mipangilio ya mzazi kutafuta pa kulizima somo la saa peke yake. Unaweza kuzima Hisabati yote, au uiache yote.