AmblesideOnline kwa mtoto anayemaliza vitabu mapema mno: mtaala wa bure, mgumu wa kutosha?

Mtoto wa miaka minane anayemaliza kitabu cha kiada cha mwaka mzima kwa wiki mbili hahitaji kupewa cha darasa linalofuata. Hicho nacho atakimaliza kwa wiki mbili. Mitaala mingi ya kusomesha nyumbani humjibu mtoto wa aina hii kwa kumrusha darasa, na ugumu unabaki palepale: aya fupi, maswali matano, nafasi za kujaza. AmblesideOnline umekwenda njia nyingine, na ndiyo maana unastahili kutazamwa kwa makini.

Ni mtaala wa bure mtandaoni, uliopangwa na kina mama wa kujitolea, wengi wao Wamarekani, kwa kufuata mbinu za Charlotte Mason (1842–1923), mwalimu aliyefungua chuo cha kufunza walimu kule Ambleside, Uingereza. Hauna vitabu vya kiada. Kila mwaka una wiki 36 katika mihula mitatu ya wiki 12, na jedwali la kila wiki linaonyesha sura ya kusoma katika kila kitabu. Vitabu kadhaa huendeshwa sambamba, sura moja moja, na vingi vimezidi umri wa miaka mia: Kiingereza kizito, sentensi ndefu, picha chache. Mtoto husoma au husomewa mara moja tu, kitabu hufungwa, kisha husimulia alichokipata. Muhula hufungwa kwa maswali ya mtihani yasiyodurusiwa.

Ugumu wenyewe umo katika kusimulia. Msomaji mwepesi ana tabia ya kuparamia: hufuata kisa, huruka maelezo, hukisia msamiati. Mwambie asimulie kurasa tatu za historia na mashimo yote yataonekana. Utaratibu unaofanya kazi ni huu: kwanza mkumbushe kwa sentensi mbili mlipoishia, andika ubaoni majina magumu ya watu na mahali, soma dakika kumi hadi kumi na tano, funga kitabu, nyamaza. Usimkatize wala kumsahihisha mpaka atue. Akitoa sentensi mbili akakwama, kipande kilikuwa kirefu. Kesho msimamishe baada ya aya moja. Akirudisha maneno ya kitabu neno kwa neno, hapo kumbukumbu imefanya kazi ya akili, na dawa ni kumtaka asimulie kama alivyoona mtu mwingine aliyemo kisani: mtumwa, mke wa mfalme, adui.

Kwa familia zinazozungumza Kiswahili kuna njia kali zaidi, na haigharimu chochote: mtoto asome sura kwa Kiingereza, asimulie kwa Kiswahili. Hawezi kukopa maneno ya mwandishi. Lazima aelewe kwanza, kisha atafute yake, na hapo ndipo mtoto anayesoma Kiingereza kama maji hugundua kwamba hajui kusema "kuzingirwa" wala "usaliti". Siku mbili kwa wiki zatosha. Zikizidi, masomo yanakuwa mzigo na mtoto anaanza kufupisha makusudi.

Kosa la kawaida ni kumpanga kwa kasi ya kusoma. Mwaka wa 1 umekusudiwa mtoto aliyetimiza miaka sita, lakini miaka ya mtaala huu hailingani na darasa wala gredi, nayo ni mizito kuliko majina yake. Mzazi humwona mtoto wa miaka saba anasoma riwaya, akamtia Mwaka wa 4. Huko tamthilia za Shakespeare huanza kusomwa zenyewe badala ya hadithi zilizofupishwa, na simulizi za kuandika huanza, kwa kuwa zimepangiwa mtoto wa miaka kumi hivi. Jicho lake limefika lakini mkono haujafika. Baada ya mwezi hataki kushika kalamu. Jaribio la kumpanga ni rahisi: chukua kurasa mbili za kitabu cha historia cha Mwaka wa 2, zisome mara moja, msikilize. Akisimulia kwa mpangilio na sababu zikiwemo, jaribu Mwaka wa 3. Akitaja matukio tu bila kuyaunganisha, baki hapo, hata kama maneno yote aliyatamka vizuri.

Kosa la pili ni kumwachia vitabu vya masomo. Atamaliza cha wiki 12 kwa mchana mmoja, kisha masomo yaliyobaki yatakuwa marudio. Vitabu vya masomo viwekwe kando, vitolewe kwa ratiba. Kila mwaka una orodha tofauti ya vitabu vya kujisomea huru, na hivyo ndivyo vya kumezwa bila kuulizwa swali lolote. Tafadhali visiulizwe kweli.

Kasoro kubwa ni Afrika. Uti wa historia katika miaka ya mwanzo ni kitabu kuhusu Uingereza kilichochapishwa 1905, na baadhi ya vitabu vya zamani vinawatazama Waafrika kwa jicho la mtawala. Mtoto wa Mombasa atawajua wafalme wa Uingereza kabla ya kuisikia Kilwa. Usifute kila kitu, maana mpangilio utavunjika. Badilisha kipindi kimoja kwa wiki. Weka magofu ya Gedi, biashara ya dhahabu ya Kilwa, safari ya Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Kwenye ushairi na mazoezi ya mwandiko, ingiza tenzi: mishororo minne kwa ubeti, mizani nane kwa mshororo. Mtoto anayenakili ubeti mmoja kwa siku hujifunza kuhesabu mizani kwa vidole bila somo la ziada. Akifika miaka kumi au kumi na moja, nathari ya Shaaban Robert itampa Kiswahili kizito cha kushindana na Kiingereza cha vitabu vile. Daftari la maumbile, ambamo mtoto huchora mimea na viumbe anavyoviona, lichorwe mikoko, mbuyu na chiriku badala ya mwaloni.

Hisabati haimo, lazima uchague mwenyewe. Na bure ni ratiba, siyo vitabu. Vile ambavyo hakimiliki imekwisha vinapatikana Project Gutenberg, maktaba ya bure mtandaoni. Pakua EPUB (faili la kitabu cha kielektroniki) isiyo na picha kwa simu au kisomaji, au chapa sura za muhula mmoja kwenye karatasi ndogo za A5. Vilivyo vipya vinanunuliwa, kwa hiyo anza bajeti na hivyo, maana vikitoka nje huchelewa.

Mbadala wake? ACE (Accelerated Christian Education), mtaala wa Kikristo unaojulikana kwa wengi waliosomesha nyumbani Kenya, una vijitabu 12 kwa kila somo kwa mwaka, na mtoto hujisahihisha mwenyewe kabla ya mtihani. Nidhamu unaijenga, na mzazi anayefanya kazi kutwa ataupenda, lakini kwa mpenda vitabu ni chakula cha mgonjwa: kuna cha kutafuna kidogo sana. Sonlight wa Marekani uko karibu zaidi na Ambleside. Ni riwaya kwa wingi, zikiwa na mwongozo wa mzazi wa wiki 36, na kiwango cha vitabu vya kujisomea unaweza kukichagua tofauti na cha historia, jambo linalomfaa sana mtoto aliyetangulia kusoma. Shida ni sanduku zito linalosafirishwa kutoka Marekani.

African Storybook, tovuti ya hadithi za watoto, ni bure na ina hadithi nyingi za Kiswahili, ila kwa mtoto huyu zitakwisha kabla chai haijapoa. Mpe kazi ya kuzitafsiri kwa lugha ya nyumbani, tovuti inaruhusu.

Cheti AmblesideOnline hautoi. Anayehitaji karatasi rasmi humwandikisha mtoto IGCSE, mtihani wa kimataifa wa sekondari wa Cambridge, kama mtahiniwa binafsi kupitia British Council, na hapo miaka miwili ya mwisho lazima ifuate silabasi ya mtihani. Kwa fasihi ya Kiingereza uliza kwanza ni karatasi zipi zilizo wazi kwa mtahiniwa binafsi, kwa sababu njia zenye kazi ya darasani huhitaji shule ya kuisimamia.